Wakibaki Wafalme na Vitunda: Namna ya Kuisoma Injini ya Sataranji

Kijana akimaliza mchezo wake wa sataranji siku hizi, jambo la kwanza ni kuufungua kwenye simu na kuiuliza injini. Injini inatoa namba: +0.8, −1.3, +2.1. Kijana anaisoma kama alama za mtihani, anafurahi au anasikitika, kisha anaanza mchezo mwingine. Ubao ukiwa bado umejaa, usomaji huo hauna madhara makubwa. Lakini wakibaki wafalme na vitunda peke yao, namba ileile inaweza kumpotosha vibaya, kwa sababu hapo hakuna nafuu kidogo wala unyonge kidogo. Kuna kushinda, kuna sare, kuna kushindwa, basi. Mkao wa vitunda ambao injini imeupa +1 ama umeshinda ama ni sare, na anayetaka kukua katika mchezo huu lazima ajue ni upi kati ya hiyo miwili.

Namba hiyo huzaliwa na kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kukadiria: kuutazama ubao ulivyo sasa hivi, bila kusogeza kete hata moja, na kusema nani yuko juu. Ya pili ni kuhesabu: mimi nikienda hapa, yeye akienda pale, mimi tena, yeye tena, mpaka muda uishe, na mwisho wa kila njia kukadiria upya. Tofauti yake ni ile ya mchuuzi anayemnyanyua samaki kwa mkono na kutaja kilo, na yule anayemweka kwenye mizani. Kwenye skrini namba hizo mbili zinaandikwa kwa sura moja, ndiyo maana watu wanazichanganya.

Kazi ya kukadiria ilipata umbo lake mwaka 1950, pale Mmarekani Claude Shannon alipochapisha makala yake kuhusu kuifundisha kompyuta kucheza sataranji. Alimpa malkia alama 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, kitunda 1, na mfalme akampa 200 ili mashine isithubutu kumpoteza. Vitunda vilivyopandana kwenye mstari mmoja, vilivyoachwa nyuma na vilivyo pweke vilikatwa nusu alama, na kila hatua halali iliyopatikana iliongezewa sehemu ya kumi ya alama. Waandishi wa programu waliofuata waliongeza mengi: kitunda huru, yaani kisicho na mpinzani wa kukizuia mbele wala kwenye mistari ya jirani, kikalipwa zaidi kadiri kinavyosogea; na mfalme, ambaye mwanzoni alisifiwa kwa kujificha pembeni, akaanza kusifiwa kwa kukaa katikati mara malkia na ngome zinapotoka ubaoni. Kwa kuwa vitunda havibadiliki kila hatua, programu nyingi ziliweka tathmini yake kwenye jedwali la pembeni ili zisirudie kazi ileile mara maelfu.

Kanuni hizo zinafaa ubao ukiwa umejaa. Kwenye mwisho wa vitunda zinaumbuka haraka sana. Chukua mkao mdogo kuliko yote. Mweupe ana mfalme e5 na kitunda e4. Mweusi ana mfalme e7 tu. Kwa alama za kete za Shannon, Mweupe yuko juu kwa kitunda kimoja, awe ni yeye wa kucheza au mwenzake. Ubaoni, zamu ndiyo kila kitu. Ikiwa ni zamu ya Mweusi, mfalme wake analazimika kukaa pembeni; akienda d7, Mweupe anapenya f6, na kitunda kinasindikizwa mpaka kinageuka malkia. Ikiwa ni zamu ya Mweupe, ni sare. Mfalme mweupe akienda d5, Mweusi anamkabili kwa d7, mraba mmoja ukibaki kati yao; huko ndiko wafalme kutazamana. Kitunda kikisogea e5, Mweusi anakuja e7. Kitunda kikisogea e6, Mweusi anarudi nyuma moja kwa moja hadi e8, na hiyo ndiyo hatua pekee inayomwokoa. Mweupe d6, Mweusi d8. Kitunda e7 kikimtishia mfalme, mfalme anarudi e8. Sasa Mweupe ama akiache kitunda kiliwe, ama asogee e6 na kumkosesha Mweusi hatua yoyote halali, na hiyo ni sare kwa sheria. Lakini Mweusi akikosea mara moja tu, akaenda d8 badala ya e8 wakati kitunda kipo e6, mfalme mweupe anakwenda d6 na mchezo umekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni huu: wakibaki wafalme na vitunda, acha kuiuliza injini nani yuko juu. Fungua sehemu ya kupanga ubao, weka mkao uleule, badilisha zamu, kisha uiulize tena. Jibu lisipobadilika, mpango wako hautegemei kutangulia au kuchelewa hatua moja, na unaweza kucheza kwa utulivu. Jibu likigeuka, ushindi ukawa sare au sare ikawa kushindwa, umeukuta moyo wa mkao huo. Chukua kalamu uandike: hapa asiye na zamu ndiye mwenye bahati. Mchezaji anayefanya hivi kwenye michezo yake mwenyewe anaelewa wafalme kutazamana upesi kuliko anayekariri kanuni vitabuni, kwa sababu anaiona ikitokea kwenye mchezo ambao bado unamuuma.

Jambo hili la zamu limewasumbua hata walioandika programu. Injini nyingi hutumia njia ya mkato ya kupunguza hesabu: zinajaribu kumruhusu mpinzani acheze mara mbili mfululizo, na zikiwa bado ziko juu, zinaona hakuna haja ya kuendelea na njia ile. Dhana iliyojificha humo ni kwamba kucheza daima ni bora kuliko kupitisha zamu. Katikati ya mchezo dhana hiyo ni kweli karibu kila mara. Kwenye mwisho wa vitunda ni uongo, maana mara nyingi mchezaji angelipa chochote apate ruhusa ya kutocheza. Weka mfalme mweupe d5 na kitunda chake e4, mfalme mweusi f4 na kitunda chake e5. Kila mfalme analinda kitunda chake na kukitishia cha mwenzake, na yeyote aliye na zamu anashindwa. Ndiyo maana programu zilizoandikwa vizuri huzima mkato huo pale upande wenye zamu unapobaki na mfalme na vitunda tu. Mchezaji naye ajizoeze kuuzima kichwani mwake. Wengi hupoteza hapa kwa kudhani kwamba wanaweza kusogeza kitu chochote huku wakisubiri.

Tukirudi kwenye kukadiria na kuhesabu, kuna mkao mmoja unaoonyesha jinsi kazi hizo mbili zinavyoweza kupingana. Mweupe ana vitunda a5, b5 na c5; Mweusi ana a7, b7 na c7. Mfalme mweupe yuko g1, mweusi g5, na zamu ni ya Mweupe. Kwa macho ya makadirio vitunda ni sawa, na mfalme mweusi yuko katikati zaidi, kwa hiyo Mweusi apewe nafuu. Kwa hesabu, Mweupe ameshashinda: kitunda cha b kinakwenda b6. Kikiliwa na cha a, Mweupe anasukuma c6; cha b kikila, kitunda cha a kinapita hadi a6 na hakuna wa kukifikia. Kikiliwa na cha c, Mweupe anafanya vilevile upande wa pili, a6 kisha c6. Mweusi asipokila kabisa, Mweupe mwenyewe anakula na kupita. Vitunda viwili vinatolewa sadaka ili cha tatu kifike. Injini ya leo inaliona hilo papo hapo. Ukiwa na mazoea ya kuiacha injini sekunde moja kisha unaizima, huenda usipate hasara hapa, lakini utaipata kwenye mikao mirefu.

Mkao mrefu maarufu kuliko yote unatokana na Emanuel Lasker na Gustavus Reichhelm, mwaka 1901, na baadaye Reuben Fine aliuweka kwenye kitabu chake cha miisho cha mwaka 1941 kama mchoro namba 70. Mweupe: mfalme a1, vitunda a4, d4, d5, f4. Mweusi: mfalme a7, vitunda a5, d6, f5. Zamu ya Mweupe. Panga ubao uangalie: hakuna kitunda hata kimoja kinachoweza kusogea. Wanatembea wafalme tu. Mweupe anataka kuingia b5 ale kitunda cha a, au azunguke hadi g5 ale cha f, na Mweusi lazima awe tayari kwa malango yote mawili. Hatua ya kwanza inayoshinda ni moja tu, mfalme kwenda b1, nayo haifanani na hatua ya ushindi hata kidogo. Kwenda b2, ambako kila mtu angekwenda kwa kuharakisha, kunampa Mweusi sare.

Miaka ya 1970 Monroe Newborn aliandika programu ya wafalme na vitunda pekee, akaiita PEASANT, na mkao huu ulikuwa mbali na uwezo wake. Sababu yake inafaa kueleweka. Tuseme kila mfalme ana hatua 5 za kuchagua. Ukitazama hatua 12 za kila upande, njia zinazidi 59 ikifuatwa na sifuri 15. Hakuna kompyuta ya wakati ule ambayo ingezimaliza. Lakini geuza swali: kuna mikao mingapi tofauti ubaoni, maadamu vitunda havijaguswa? Mfalme mmoja hana zaidi ya miraba 64, mwingine vilevile, na zamu ni mbili. Jumla haizidi 8,192. Njia hizo zote zisizohesabika zinapita kwenye vituo vilevile elfu chache, tena na tena. Programu zilipopewa jedwali la kukumbuka mikao ziliyokwisha kuichunguza, mlima ukawa kichuguu, na leo simu ya kawaida inaliona jibu kwa muda mfupi.

Kwa mchezaji, somo la mkao huu ni la kufanya kazi kwa mikono. Wakati vitunda vimefungana, chora ubao kwenye karatasi. Andika mraba ambao mfalme wako akifika, mfalme wa mpinzani lazima awe mraba fulani kwa wakati uleule. Hapa, mfalme mweupe akiwa c4, mweusi sharti awe b6, la sivyo ama b5 inaingiwa ama anachelewa kwenye lango la g5. Rudi nyuma kutoka hapo, jozi kwa jozi. Baada ya jozi chache utaona kwa nini mfalme mweupe anapitia b1, c1, d1 kabla ya kupanda: anatafuta kufika mahali ambapo jozi yake haiwezi kushikwa kwa wakati. Kisha, na kisha tu, washa injini ikague karatasi yako. Ukianza na injini utapewa hatua ya b1, utaishangaa, na kesho utaisahau.

Kurudi nyuma kutoka mwisho ndiyo kazi inayofanywa na majedwali ya miisho pia. Badala ya kuanza na mkao na kwenda mbele, kompyuta inaanza na mikao ambayo mchezo umeshaisha, inarudi hatua moja, halafu nyingine, mpaka kila mkao upate hukumu yake. Kwa mfalme na kitunda dhidi ya mfalme peke yake kazi hiyo ni ndogo ajabu. Kwa kuwa kushoto na kulia kwa ubao ni sawa, kitunda kina miraba 24 ya kuhesabiwa. Zidisha kwa 64 mara mbili na kwa zamu mbili, unapata 196,608. Hukumu ni ushindi au sare tu, biti moja, kwa hiyo jedwali zima linaingia kwenye kilobaiti 24. Majedwali ya Syzygy, yaliyotengenezwa na Ronald de Man kuanzia mwaka 2013, sasa yanafika kete 7 ubaoni, wafalme wakihesabiwa. Ya kete 7 ni terabaiti kadhaa na hutayaweka kwenye simu, lakini unaweza kuyauliza bure kwenye ubao wa uchambuzi wa tovuti ya Lichess. Anayebana bando anaweza kupakua yale ya kete 3 hadi 5 mara moja, yote hayafiki gigabaiti moja, akayaunganisha na injini kwenye kompyuta yake, basi kazi yake ya miisho midogo haihitaji mtandao tena.

Tahadhari moja kuhusu majedwali haya. Yanajua hukumu lakini hayajui kufundisha. Syzygy inapima umbali wa kufika hatua inayofuata ya kula au ya kusogeza kitunda, si umbali wa kumfunga mfalme, kwa hiyo hatua inayoiweka juu kabisa inaweza kuwa ya ajabu kwa binadamu: kukimbilia kula kitu kisicho na maana, au kumtoa malkia bure kwa sababu kitunda kingine nacho kinatosha. Na kwenye sare, hatua zote za sare kwake ni sawa, ile rahisi na ile yenye mitego kumi. Chukua hukumu kutoka kwenye jedwali, mpango utafute mwenyewe. Kati ya hatua tatu zinazoshinda, chagua ile unayoweza kumweleza rafiki yako kwa sentensi moja.

Injini za leo zimebadilika kwa undani. Mwaka 2018 Yu Nasu wa Japani alibuni aina ya mtandao wa neva kwa ajili ya shogi, mchezo wa kwao unaofanana na sataranji. Injini ya Stockfish iliuchukua katika toleo la 12 mwaka 2020, na kufikia toleo la 16.1 mwaka 2024 kanuni zote za makadirio zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa zimeondolewa. Mtandao huo umejifunza kutokana na mikao mingi mno, na makadirio yake ni bora kuliko ya kanuni za zamani. Hata hivyo ni makadirio. Namba yenyewe pia imebadilika maana: tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1.00 kwenye Stockfish ina maana kwamba katika michezo ya injini dhidi ya injini upande huo hushinda karibu nusu ya michezo. Haisemi una kitunda kimoja zaidi. Ukiona +1 kwenye mkao wa vitunda, soma hivi: injini bado haijaamua. Iache ifanye kazi. Kwa kuwa wafalme na vitunda wana hatua chache, kina cha hesabu hupanda haraka, 30, 40 na zaidi, na namba itaanza kukimbia upande mmoja, ama kuelekea ushindi ama kushuka hadi 0.00. Namba iliyoganda +1 hata kina kikiwa kikubwa mara nyingi ni dalili ya ukuta: vitunda vimefungana, hakuna lango, na mashine inaendelea kuhesabu faida isiyo na njia ya kuingia. Hapo jicho la binadamu bado lina kazi.

Washa pia mistari mitatu au minne kwa pamoja badala ya mmoja. Hatua ya kwanza ikiwa inashinda na ya pili ikiwa 0.00, unatembea kwenye uzi mmoja na unapaswa kujua sababu yake. Zote nne zikishinda, funga simu ucheze.

Wako pia vijana wanaoandika injini zao wenyewe, nami nawaonea fahari. Kwao nasema: andikeni jedwali la kilobaiti 24 kabla ya kuhangaika na kanuni za kutazamana, maana litawakosolea kila kanuni mtakayobuni. Msiipe programu thawabu kubwa mno kwa kitunda kinachoonekana hakikamatiki kwa kanuni ya mraba, ile inayohesabu kama mfalme anaweza kukifikia kwa wakati. Mwaka 1921 Richard Réti alitunga mkao ambao unaishinda kanuni hiyo: mfalme mweupe h8 na kitunda c6, mfalme mweusi a6 na kitunda h5. Mfalme mweupe amechelewa hatua mbili nzima, na bado anaokoka kwa kushuka kimshazari g7, f6, e5, akikaribia vitunda vyote viwili kwa hatua zilezile. Mweusi akikila cha c6, Mweupe anafika f4 na kukipata cha h. Mweusi akikimbiza chake, Mweupe anafika d6 na cha kwake kinageuka malkia pia. Programu inayotoa hukumu bila kuhesabu humwita Mweupe aliyepotea. Wekeni mkao huu na ule wa Lasker na Reichhelm kwenye majaribio yenu ya kila siku, muiendeshe kila mnapobadilisha msimbo.

Na kwa mchezaji wa kawaida, mazoezi yenye faida kubwa kuliko yote ni kabla ya mwisho wenyewe. Michezo mingi ya vitunda hupotea pale mtu anapobadilishana ngome au farasi wa mwisho bila kuangalia kilicho upande wa pili. Pitia michezo yako kumi ya karibuni, tafuta kila mahali ambapo kete kubwa ya mwisho ilibadilishwa au ingeweza kubadilishwa. Usiiulize injini kuhusu mkao wa kabla. Ondoa kete hizo mbili, panga mkao wa vitunda unaobaki, weka zamu sahihi, na uandike hukumu yako kwa neno moja: ushindi, sare, au kushindwa. Ndipo uiwashe. Hukumu yako na ya injini zikipishana, cheza mkao huo dhidi ya injini ukiwa upande unaodai unashinda, kisha geuza ubao uulinde upande mwingine, mpaka uweze kuonyesha hatua ambayo mawazo yako yalikwenda kombo. Mara nyingi utaikuta ni hatua ya mfalme, ya mraba mmoja, uliyoicheza haraka kwa sababu ilionekana haina uzito.